Zamu ya Kufulia, Hallunda

Jumatatu, 3 Februari

Treni ya kutoka Märsta imechelewa tena. Mgongo hoi, maboksi ya mizigo ya ndege tangu alfajiri. Badala ya kwenda kulala nikaunganisha hadi Hallunda, kinasa sauti mkobani. Makumbusho wanaandaa maonyesho ya muziki wa soul na funk wa Stockholm, wanataka sauti za waliopiga. Nilijitolea kukusanya za watu wetu. Nani mwingine angewakumbuka?

Waliobaki wa bendi yetu ya Waafrika, iliyopiga funk hapa mjini zamani, ni wawili. Baba mdogo Hamisi, rafiki wa marehemu baba: gitaa la besi. Mama Beatrisi wa mtaa wa Rissne, Mkongo: mwimbaji. Hawakuwahi kutoa santuri hata moja. Siku wakiondoka, bendi nayo imekwenda.

Tukakaa kwa Baba mdogo, sinia la pilau katikati, kinasa sauti kando ya kachumbari. Ubishi ukaanza papo hapo. Mazoezi walifanyia kwenye chumba cha kufulia cha ghorofa, chini kabisa, kwa kujiwekea zamu kama majirani wengine. Majirani wakashangaa: watu gani hawa wanafua kila Jumapili na hakuna nguo inayoanikwa? Ikabidi washuke na mashuka safi, wayafue upya huku wakipiga. Mpiga ngoma alifuata mwendo wa mashine. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Baba mdogo akasema yeye alikuwa anababaisha tu. Mama Beatrisi akamchapa kofi la bega. "Usimusikilize, anakudanganya! Huyu akigusa besi, hata wale wa kusimama ukutani wanacheza." Baba mdogo naye akaanza kumsifu yeye, Mama akajifunika uso kwa kitenge. Ndivyo wanavyosimulia. Mtu hajisifu mwenyewe, mwenzake yupo kwa kazi hiyo.

Alhamisi, 6 Februari

Karin, mratibu wa maonyesho, amejibu. Rekodi haifai. Sauti zinapandana, sahani zinagonga, mhoji anacheka. Mhoji ni mimi. Anataka mtu mmoja, chumba kimoja, kimya, kwa Kiswidi.

Kimya! Watu wa funk!

Nimemweleza kwamba hawa hawasimulii hivyo. Kajibu kwamba wote wamefuata utaratibu huohuo, na hiyo ndiyo haki. Haki gani hiyo? Chai imepoa nikiisoma barua yake. Nimeinywa hivyohivyo, kwa hasira.

Jumanne, 11 Februari

Baba mdogo kaenda studio. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Alivaa kama anakwenda kuozesha binti. Mimi nyuma ya kioo. Mama Beatrisi hakuruhusiwa kuingia, akabaki kwenye korido na chupa yake ya chai.

Baba mdogo akaulizwa alikuwa mpigaji wa namna gani. Akatabasamu. Akasema alijaribujaribu. Bendi ilikuwa na maana gani kwa mji huu? Walikuwa wanajifurahisha tu. Kisha akageukia kiti cha pembeni yake. Nilijua anachongoja. Anangoja mtu amkatalie. Kiti kitupu.

Karin akamshukuru, akazima mashine.

Nilitamani kukivunja kile kioo.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeuona ukuta wenyewe wa maonyesho. Bado hawajafungua, nilijipenyeza na mafundi.

Karibu wote ni wa bwana mmoja aliyekuwa akikodisha spika. Alizungumza saa nzima bila kuchoka, yeye na kiti chake. Eti funk ya Stockholm ilizaliwa ndani ya gari lake la mizigo. Picha yake inazidi mlango kwa ukubwa. Waliopiga kwenye hizo spika? "Wanamuziki wa Kiafrika." Basi. Na kwenye kona ya kuelekea chooni, kibao kidogo: Hamisi, alipiga besi kidogo kwa kujifurahisha.

Nimemfuata Karin. Sikupiga kelele, na ninajuta. Akanijibu kwa upole kwamba maneno ni ya Hamisi mwenyewe. Upole ule ulinichefua. Bora angenitukana.

Kwa hiyo anayejipigia debe anapewa ukuta, na mwenye adabu anapewa njia ya chooni.

Jumamosi, 15 Februari

Nimemweleza Baba mdogo. Kacheka! "Acha, mwanangu. Kugombana na watu kwa ajili ya jina, si vizuri."

Nimemkasirikia naye. Nimeondoka bila kumaliza chai, sijawahi kufanya hivyo kwake.

Nikampigia Mama Beatrisi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Weka zamu ya kufulia. Jumapili ya wiki ijayo. Mi nakuya. Na Hamisi asilete maneno."

Jumatano, 19 Februari

Baba mdogo kanipigia mwenyewe. Kibao kitolewe. Hakusema kwa nini. Najua nani alimpigia kabla ya hapo.

Nimempelekea Karin ujumbe huo. Akaonya kwamba basi ukuta hautakuwa na Mwafrika mwenye jina hata mmoja. Nikamwambia ukae hivyohivyo, wageni waone. Nikapendekeza wawarekodi Mama Beatrisi na Hamisi pamoja, na sahani zao. Muda umekwisha, akasema. Muda wa yule bwana wa spika haukuisha.

 Nimechoka kuwaomba watu wanisikilize kwa utaratibu wao.

Jumapili, 23 Februari

Makumbusho wamefungua jana. Sikwenda.

Zamu yetu ilikuwa ya mchana. Baba mdogo kashuka na mashuka safi, yamekunjwa vizuri. Mama Beatrisi na sufuria ya maandazi. Kinasa sauti nimekiweka juu ya meza ya kukunjia nguo. Maktaba ya hapa Hallunda wamekubali kuipokea rekodi, pamoja na kelele zote.

Mashine ikaanza kuzunguka. Mama akamsifu mwenzake. Hamisi akakana, akakana, na huku vidole vinatembea kwenye goti. Halafu zamu ikageuka, naye akamsifu Mama. Mama akajifunika uso.

Mashuka yalipokwisha kufuliwa nikanyoosha mkono nizime kinasa sauti. Mama Beatrisi akanishika kiwiko. "Bado. Wajue nani alitutafuta."

Nikasema mimi sijafanya kitu, nimebonyeza kitufe tu.

Wakatazamana. Baba mdogo akasogeza kiti, akainama karibu na kinasa sauti, akasafisha koo.

"Msimsikilize," akasema. "Huyu anaitwa Zuhura."

Akaendelea. Mimi nikayatazama mashuka. Sikuzima.