Ritani ya Mwaka Uliofilisika

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la nyaya za umeme.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko zitakavyoenea kwenye karatasi hizi. U hali gani huko? Kifua kimepona, au bado unalala dirisha wazi ukijifanya kijana? Mimi sijambo. Magoti yananikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi, lakini macho bado yanasoma, na ulimi, kama ujuavyo, haujapunguza kasi.

Mkeo hajambo na watoto hawajambo. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mkupuo. Sasa anatembea amefunga mdomo kama mtu mwenye siri kubwa, mpaka aone chakula.

Nimesoma barua yako mara mbili. Unasema ofisi ya kodi imekuandikia ikitaka ritani ya mapato ya mwaka jana, nawe umeikunja barua yao ukaitia chini ya godoro, kwa kuwa mahakama ilishakutangaza mufilisi na mufilisi hana tena la kujaza. Mwanangu, itoe hapo. Si wewe wa kwanza kufikiri hivyo, na sikucheki. Mimi shangazi yako nilifundisha hesabu za biashara miaka mingi, na hata walimu wenzangu wangejikwaa papo hapo.

Nikueleze kwa lugha ya kazi yako. Friji ikizimwa, umeme umekatika, lakini kilichomo ndani hakijitoi chenyewe. Mtu lazima afungue mlango, atazame, aseme hiki ni kizima na hiki kimeoza. Ritani ni kufungua huo mlango. Si lazima iwe malipo. Ni maelezo tu: niliingiza hiki, nilitumia hiki, nikabaki na hasara hii.

Siku ile ya mahakama iliukata mwaka wako vipande viwili. Kodi ya kabla ya siku hiyo inajipanga foleni na madeni mengine, nyuma ya mwenye nyumba na yule muuza vipuri aliyekuwa akikufokea kwenye simu. Hiyo itashughulikiwa na msimamizi wa ufilisi, yule mama aliyewekwa na mahakama ashike mali na madeni yako. Kipande cha baada ya siku hiyo ni chako mwenyewe, pamoja na mshahara unaolipwa huko kwa kutunza friji za kiwanda cha mikate. Lakini maelezo ya vipande vyote viwili yanataka sahihi yako.

Na ukinyamaza? Watakukadiria. Watachukua ile miaka uliyokuwa na kazi za hoteli, wakati vyumba vya baridi vya mji mzima vilikuwa mikononi mwako, waseme bila shaka na mwaka jana ulikuwa hivyo. Hasara zako hawazijui. Kimya chako kitakufanya tajiri kwenye makaratasi, na utajiri huo utaulipia kodi.

Nilikwenda kumwona msimamizi. Ofisi yake ni chumba chembamba juu ya zahanati, na maboksi yamepangwa hadi yanakaribia feni. Alinikaribisha vizuri. Nilipomwuliza kwa nini asiijaze yeye hiyo ritani, alitabasamu.

“Mama, mimi nasimamia mali yake na madeni yake. Maisha yake siyasimamii.”

Alinipa nakala za kumbukumbu zako zote, kisha akaniambia jambo ambalo nataka ulisome polepole. Mwezi wa Agosti mahakama itaangalia kama uachiliwe kutoka kwenye ufilisi. Ukiwa umetoa taarifa zote kwa ukweli, utaachiliwa, na hapo ndipo utakaporuhusiwa kufungua karakana kwa jina lako tena. Ikionekana kuna pato lililofichwa, unaweza kuongezewa miaka. Kwa hiyo hatuzungumzii fomu hapa, mwanangu. Tunazungumzia kama utarudi nyumbani mwaka huu au utaendelea kulinda friji za watu wengine ugenini.

Nikabeba nakala zile hadi kwako, nikazitandaza kwenye meza ya jikoni. Mkeo alikuwa akinisomea namba, nami naandika. Hapo akaingia shemeji yako, mabega yote mawili yakiwa na mifuko ya vifaa. Akatazama kazi yetu, akachangamka.

“Shangazi, basi andika na miezi hii ya karibuni. Fundi Barafu hajalala hata siku moja!”

“Fundi Barafu yuko mbali,” nikamwambia, maana jina hilo la biashara ni lako. “Labda una mwingine.”

“Jina liko hapa, Shangazi. Wateja wanapiga simu wanamtaka yeye, mimi naitika. Narekebisha, nakata risiti, napiga muhuri wake. Hakuna aliyelalamika.”

Mkeo akaacha kusoma. Alijua kaka yake anafanya kazi, na kwamba kila alichopata alikileta pale nyumbani, akajibakizia nauli. Ile habari ya risiti na muhuri ilikuwa ngeni kwake kama kwangu.

Usimkasirikie kabla hujamaliza kusoma. Alidhani anakutunzia wateja. Hakula hata kidogo cha jasho lile. Lakini ofisi ya kodi haioni moyo wa mtu, inaona risiti. Na risiti hizo zinasema kwamba mufilisi fulani, baada ya kutangazwa, aliendelea kufanya biashara kwa jina lake na kutia fedha mfukoni bila kumwambia mtu. Nikawaeleza hivyo wote wawili.

Mkeo akajibu haraka, kama nilivyotarajia. “Basi iandikwe ni ya mume wangu. Yeye tayari yumo matatani. Huyu kaka yangu hana hata namba ya mlipakodi, watamtafuna mzima mzima!”

“Na Agosti?” nikamwuliza.

Alisimama akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Shemeji yako alikaa kwenye kigoda, mifuko bado mabegani. “Mimi nilifikiri namtunzia kiti,” akasema.

“Umekitunza,” nikamwambia. “Ila umekikalia kwa jina lake.”

Aliondoka bila kuaga. Nami nikaiweka kalamu chini, maana nisingeweza kuandika jambo hilo kwa niaba yake, wala kulificha kwa niaba yako. Nilimwambia mkeo tumpe muda. Kusema kweli, sikuwa na hakika kwamba angerudi. Mtu akishatajiwa kodi na mahakama kwa mkupuo mmoja, miguu humwonyesha njia ya kituo cha mabasi.

Jumanne asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati ambalo bado lina mikunjo ya dukani. “Twende kwa yule mama, Shangazi,” akasema, “kabla sijapata akili nyingine.”

Alieleza yote mwenyewe. Mimi, ambaye unanijua, sikutia neno. Msimamizi alisikiliza, akaandika, kisha akamwuliza, “Mwenye jina ulimwambia?”

“Ningemwambia angenikataza.”

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema kwa upole kwamba kazi ni ya aliyeifanya, na pato ni la aliyelipata. Shemeji yako atoe maelezo kwa maandishi, ajiandikishe, ajaze ritani yake, alipe adhabu ya kuchelewa. Naye msimamizi ataieleza mahakama kwamba hukujua. Hakutuahidi hukumu, kwa kuwa si yake kutoa, lakini alitushika mikono wote wawili tulipoaga.

Kutoka pale tukaenda moja kwa moja ofisi ya kodi. Kijana wa dirishani akamtazama shemeji yako na risiti zake. “Mzee, umekuja kujiandikisha au kujishtaki?”

“Wewe andika,” akamjibu. “Kwa leo ni kitu kimoja.”

Sasa amepata namba yake, na amekubaliwa kulipa kidogo kidogo. Ule muhuri wako ameukabidhi kwa msimamizi.

Ninachotaka kwako ni haya. Tia sahihi kwenye fomu nilizoambatanisha, pale nilipoweka alama ya penseli. Niletee karatasi ya mshahara kutoka kwa mwajiri wako. Kisha uandike kwa mkono wako kwamba hukujua habari za kazi hizi mpaka ulipoipata barua hii, kwani huo ndio ukweli.

Huenda mkeo akakupigia simu kukuomba uyabebe mapato hayo. Ana uchungu na kaka yake, usimlaumu. Nawe nakufahamu tangu ukiwa mtoto, ukiona mtu amelemewa unanyanyua mzigo kabla hujauliza umebeba nini. Safari hii usinyanyue. Ukisema ni yako, utakuwa umeipoteza Agosti, na utamfanya mwongo mbele ya mahakama mtu aliyejikaza akasema kweli.

Vyumba vyenu havivuji, ada ya shule imelipwa, na mkeo amepata kushona sare za wauguzi. Mjomba wako mkubwa anakusalimu, na bibi wa ghorofa ya chini anauliza ni lini utakuja kuitazama friji yake, maana shemeji yako sasa haigusi mpaka amwandikie risiti yenye jina jipya.

Nisalimie mwokaji mwenye chumba, aliyekupokea bila kukujua. Mungu akupe afya, akutulizie usingizi, na akufungulie njia ya kurudi.

Lipo neno moja ambalo shemeji yako alinituma, kwa kuwa yeye mwenyewe anaona haya kukuandikia. Anauliza, siku utakayofungua tena, utahitaji fundi wa pili mwenye namba yake ya kodi? Mjibu yeye kwanza. Mimi na ofisi ya kodi tutasubiri siku mbili tatu.

Ni mimi nikupendaye, hata unapoficha barua chini ya godoro,

Shangazi yako