Mtandao Hauna Tatizo

4 Machi

Mwanangu,

Natumai u mzima na kazi inakwenda. Sisi huku hatujambo. Goti langu linauma likijisikia, na mwanao Chifu kang'oka jino la mbele lakini kula anakula kama kawaida.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, kwa sababu simu yenyewe ndiyo habari. Mwalimu wa darasa ametutuma kwa mtaalamu wa usemi pale kituo cha afya. Mwanao ana kigugumizi. Si kile cha kurudiarudia tu, bali neno linamkwama kabisa asitoe hata sauti.

Chumba cha mama huyo mtaalamu kina viti vya watoto peke yake, kwa hiyo nilikaa magoti yakigusa kidevu. Kazi yake ukiiona utadhani ni mchezo. Kuna gari dogo la plastiki. Mwenye gari ndiye anayesema, wengine wote midomo wamefunga mpaka alisukume kwa mwingine. Siku ya kwanza nilikaripiwa mara kadhaa. Unanijua, nimeuza makabati na majenereta mnadani maisha yangu yote, na mtu akisita mimi tayari nimetaja bei inayofuata. Nilikuwa nammalizia mtoto maneno yake, tena nikidhani namsaidia.

Kisha akaniomba nimpige picha ya video Chifu akiongea na wewe Jumapili. Nikampelekea, tukaitazama pamoja. Mtoto kafumba midomo, shingo imemkaza, macho yamemtoka, hana sauti. Wewe huko unasema, "Hallo? Hallo? Mtandao wenu mbovu kweli," halafu unakata. Yule mama akairudisha tuitazame tena. Akaniambia, "Mzee, mtandao hauna tatizo."

Nimekueleza kama nilivyoona.

Ni mimi baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia hamjambo, na pole na goti. Mimi ni mzima, ila joto la hiki chumba cha kufulia hapa kazini linanikausha koo.

Barua yako nimeipata na sikuielewa. Katika ukoo wetu nani aliwahi kuwa na kigugumizi? Wewe ukinadi ulikuwa unasikika mpaka mtaa wa pili. Nimewabadilishia laini, nimewaletea simu mpya, leo naambiwa ubovu ni wa mtoto. Na huyo mama kumbe kazi yake ni kusukuma magari ya plastiki.

Nitasema linaloniuma. Tangu mama yake afariki, mtoto huyu hajaniita Baba. Anasema "wewe" au hasemi kitu. Nadhani amenizoea kama mtu wa kwenye simu tu, na wewe unamdekeza. Nimeshaongea na shule ya bweni. Wanasubiri jibu langu kabla ya mwisho wa Juni, aanze muhula ujao. Akikaa na wenzake atachangamka.

Usikasirike, Baba. Nampenda, ndiyo maana.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Sote wazima, jino jipya limeanza kuchungulia.

Nimekasirika, tena sana, kwa hiyo nimengoja hasira ishuke ndipo nishike kalamu.

Hakuiti Baba kwa sababu neno hilo linaanza pale pale anapokwama. Dukani ukimtuma biskuti analeta mkate. Nilikuwa namgombeza, kumbe anaomba kile anachoweza kukitamka. Anapenda biskuti mno, na amekula mkate mwaka mzima.

Bweni hawatamchangamsha. Atanyamaza, wao watamwita mpole, na kila ripoti itakuja na sifa ya utulivu. Wewe utafurahi.

Mtaalamu anakuomba jambo moja. Ukipiga simu na kukawa kimya, usiseme hallo. Usimwambie avute pumzi, usimwambie taratibu, usimtajie neno. Ngoja tu. Mimi mdomo mrefu nimeweza, japo nusura niumeze ulimi.

Baba yako


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumai mmeamka salama. Barua yako nimeisoma mara nyingi kabla ya kujibu.

Jumapili iliyopita nilipiga nikiwa stoo, katikati ya mashuka yaliyokunjwa. Nilimsalimu, kukawa kimya. Mkono wangu mmoja niliuweka mdomoni kabisa, maana najijua. Nikawa nasikia maji yakitiririka kwenye ndoo yako na wewe ukikohoa kwa mbali. Nikaona basi, laini iko hai. Ilikuwa hai siku zote.

Kisha akaanza. Aligonga kama mtu aliye mlangoni, akasimama, akagonga tena. "B-b-Baba. Simu nzima. Ni mimi."

Niliona aibu, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa kitu chochote tangu nifike huku. Mara ngapi nimemkatia mtoto yuko mlangoni? Machozi niliyafutia shuka la watu.

Nikamwuliza kama anataka kwenda bweni au abaki na wewe na yule mama wa magari. Akanyamaza, nikangoja. Msimamizi akaniita, nikasema nakuja, nikazidi kungoja, akaja kunitoa mwenyewe. Ikabidi nimuage mtoto kabla hajajibu.

Shule inataka jibu mwezi huu. Tafadhali mwulize yeye, uniandikie atakachosema. Hicho ndicho nitakachofanya.

Mwanao


15 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nyumbani kwema.

Swali lako nimemwuliza, tukiwa tumekaa ngazini. Ilimchukua muda. Mimi nilikuwa nimeshalijua jibu tangu herufi ya kwanza, nikalikalia mdomoni mpaka alipomaliza mwenyewe. Ni jibu fupi na halina utata.

Nilipoleta kalamu akaniuliza naandika nini. Nikamwambia nakuandikia jibu lake. Akaushika mkono wangu. Akasema, na hapo hakukwama popote, "Usimwambie, Babu. Nitamwambia mimi."

Kwa hiyo sikuambii.

Jumapili piga mapema, kabla ya zamu, msimamizi asije akakutoa tena. Akinyamaza, usikate. Anakuja.

Baba yako