Mwanamke wa Ukutani

Msambweni,
1 Machi 1964

Kwako mdogo wangu Biasha,

Shikamoo yako ya Idi imenifikia, marahaba sana. Natumai kifua kimepoa na shemeji yu mzima huko Vanga. Sisi ni wazima, ila watu wamenichosha.

Ile nyumba ya Diani ya bibi wa Kizungu mchoraji, aliyeondoka baada ya Uhuru, sasa ni ofisi ya kamati yetu. Ameacha ukutani picha ya mwanamke aliyelala uchi kitandani, shuka nyeupe kiunoni. Tangu tuione hakuna kazi inayofanyika. Mwenyekiti wetu, Tembo, alisema huyo ni malaya anamngoja mtu wake. Chirau, mwosha maiti wa hapa, akamwambia aache kumsema marehemu: mtu kalazwa ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, basi ni maiti, tena kaelekezwa baharini badala ya kibla. Wakaihamishia picha ukuta wa pili, nami na cheti changu cha ualimu nikashikishwa ngazi.

Nikaeleza taratibu. Kwamba maiti hakunji vidole vya miguu wala hafumbati shuka. Kwamba anayemngoja mpenzi hakazi shingo namna ile. Tembo akauliza, basi ana nini? Nikasema amechoka, amepumzika. Wakacheka, wakasema mwalimu naye hajui. Wamekata shauri ichomwe Ijumaa, baada ya swala.

Biasha, niliwaficha. Siku ya kwanza niliona kovu la mafuta ya moto kwenye kiwiko, nikainua macho usoni, na sijayateremsha tena. Hapa hawakujui kwa sura. Wakati ule ulikuwa mjane, eda ndiyo kwanza imekwisha, nami ndiye niliyekupeleka kufanya kazi katika nyumba ile. Nilikuahidi kurudi kukuchukua baada ya mwezi. Nilirudi baada ya mwaka, na sikukuuliza lolote.

Katika picha unautazama mlango. Hilo sikumweleza mtu.

Naweza kuiondoa kabla ya Ijumaa, niizungushie jamvi nikuletee. Au niiache iungue. Mara hii siamui mimi. Mwero, mchukuzi wa barua hii, anarudi Jumatano. Mpe neno lako, na likiwa zito, nimelistahili.

Mke wangu anakusalimu, na watoto wanakuamkia.

Kaka yako,
Matano