Mjomba wa Kwenye Katuni

Riverdale Park, Maryland,
Marekani.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipkemboi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako Rael. Hali yako huko Leicester iko namna gani? Na Abigail mke wako, ule mgongo umetulia au bado anaamka akiwa ameushika? Na wale mapacha, bado wanakataa mboga? Natumaini Mungu anawatunza nyote na baridi ya huko haijawaanza.

Sisi huku tuko wazima. Tobias shemeji yako anakusalimu, bado anaendesha lile basi la wazee kule Rockville, na bado anasema mwaka huu ndio wa mwisho. Mark mpwa wako anakusalimu, ameajiriwa duka la viatu na sasa hakuna kiatu changu anachokipenda. Jerotich anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Mama Nkatha, yule Mmeru tunayekaa naye nyumba moja, yeye chini sisi juu, anakusalimu sana na anauliza kama huko mnapata unga mzuri wa ugali. Hata yule bibi ninayemtunza kazini, anayesahau jina langu kila asubuhi, nilimwambia nitamwandikia ndugu yangu, akasema nikusalimu. Basi zipokee na hizo.

Usishangae kupata barua ya mkono siku hizi. Simu yangu ilitengenezwa na Jerotich. WhatsApp aliiweka yeye, namba ya siri ni yeye. Nikikutumia sauti, inalia pia kwenye ile tableti ya jikoni, sijui ni kwa nini, na maneno haya sitaki yalie jikoni. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la tano. Soma polepole, utafika.

Kwanza nikuulize, na unijibu kama mtu anavyomjibu dada yake. Wewe umewahi kumtumia Jerotich kifurushi?

Tangu mwaka jana bahasha ngumu zinakuja hapa mlangoni, zina stempu za mfalme wenu. Nilimuuliza Jerotich zinatoka kwa nani. Akasema, "Ni Anko, wa Uingereza." Sasa mimi Uingereza nina ndugu mmoja tu. Nikafurahi! Nilisimama kanisani nikasema ndugu yangu hakumsahau mpwa wake hata kidogo. Na Krismasi nilipokupigia simu nikakushukuru kwa vitabu, nawe ukasema, "Ah dada, ni kitu kidogo tu." Kitu kidogo gani, Kipkemboi? Unashukuriwa kwa kitu usichokijua, unaitikia! Nilipogundua nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu ndani ya zile bahasha mna vitabu vya katuni. Si vya watoto. Ni vyembamba, karatasi inateleza, picha ni za rangi kali. Jerotich akikipata kimoja anapanda nacho chumbani kabla hata hajavua koti. Siku moja akakisahau mezani, nikakaa nikakifungua.

Kiingereza changu ni cha kazi: inua mkono, meza dawa, tusimame polepole. Cha kusoma sina. Basi nikasoma picha. Mwanzo kuna mwanamume mzungu mwenye kofia pana na kiko mdomoni, anakimbizwa msituni na watu wenye mikuki. Mbele kidogo kuna mwanamume amejifunga kitambaa cheusi machoni, anaruka kutoka paa la nyumba. Nikasema huyu ni yule yule, amefika mjini na sasa anaficha uso. Amefanya nini huko msituni? Nikafunua tena, yuko chini ya bahari ndani ya mtungi wa chuma, ameshafuga ndevu. Nikasema, kweli huyu anatafutwa. Na mwishoni kabisa kuna mwanamke, mtu mweusi kama mimi, anaendesha ndege ndogo ya zamani yenye mabawa mawili. Nikamwambia moyoni, mama, nakuomba, usimbebe huyo mtu.

Halafu nikaona ardhi iliyo chini ya ndege. Ni ule mteremko wa kwetu, na barabara inavyojikunja, na bati la kanisa. Na chini ya ukurasa kuna herufi ambazo nazijua hata bila shule, maana mimi ndiye niliyezitoa. Jerotich.

Kumbe vile vitabu si zawadi. Huyo binti akitoka kazini hospitali anachora, na michoro inavuka bahari, inarudi kitabu, na mimi nilidhani anajisomea masomo ya unesi.

Nikampelekea Nyah kitabu. Huyo ni Mmarekani mweusi wa maktaba ya hapa karibu, alijifunza Kiswahili chuoni na anakizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Akavaa miwani, akasema, "Dada Rael, hiki ni kijarida cha mkusanyiko. Kila hadithi ina mtunzi wake na mchoraji wake. Hawa ni mashujaa wa visa vya hatari, kwa mtindo wa zamani sana. Huchapishwa huko Uingereza na watu wachache wanaojitegemea, si kampuni kubwa."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mwenye kofia si huyu mwenye kitambaa?"

"La hasha," akasema. Na hakunicheka. Ndiyo maana nampenda.

Kisha akanisomea ukurasa wa kwanza, ambao ni barua kwa wasomaji. Inaanza, "Wapendwa wapwa zangu." Inaisha, "Mimi, Anko Reji." Hapo Nyah akasimama, akaniuliza, "Dada, hili neno nilitafsiri amu au mjomba? Kiingereza hakitofautishi." Nikamwambia huyu si amu na si mjomba, usilitafsiri, liache hapo hapo.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtu anayeita wasomaji wote wapwa zake, hao dada zake ni wangapi? Na ni nani aliyempa? Wewe ujomba wako tunaujua ulikotoka, nilikuzalia mimi kwa uchungu wa siku mbili. Yeye amejiandikia tu kwenye karatasi. Mtu akijipa jina la ukoo na ukoo hana, mimi huuliza anataka kuingia mlango gani.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe lililonifanya nitafute kalamu. Jerotich anakuja huko mwezi ujao. Kuna maonyesho ya hivi vitabu katika mji unaoitwa Preston, na huyo Anko Reji amemwalika akae kwenye meza yao, watu waje wamwone, awaandikie jina lake kwenye kitabu. Na atalala nyumbani kwa huyo mtu, siku nne, ati yeye na mke wake wana chumba. Nikamwambia, Jerotich, una mjomba wa damu nchi ile ile, lala kwake. Akasema Leicester na Preston ni mbali. Mimi sijui. Ni mbali kama hapa na Upper Marlboro, au ni mbali kama hapa na kwetu? Utaniambia.

Tobias hana neno. Ameshampa ruhusa. Ananiambia, "Mama, huyu msichana ana miaka ishirini na sita. Unataka kumfunga kamba?" Nikamwambia kamba sitaki, nataka kujua kama anakokwenda kuna mtu au kuna kofia na kiko.

Na usidhani naogopa kitu kimoja tu. Ile hofu ya kwanza unaijua, kila mama anayo, sitaiandika. Ya pili ni hii. Nimevitazama vitabu vyote sasa, ameviweka chini ya kitanda na mimi ndiye nifagiaye. Yule wa kofia yuko katika kila kimoja, yeye ndiye wa kwanza. Na wale wanaomkimbiza ni watu wetu, Kipkemboi. Wana mikuki, wana meno, wanapiga kelele. Nyah alinisomea. Mwenye kofia ana jina, mbwa wake ana jina, hata mtumbwi wake una jina. Wale hawana. Halafu unafunua mpaka mwisho unamkuta binti yangu na rubani wake, kurasa sita. Naogopa wanamwita akae pale mezani ili mtu akiuliza habari ya ile mikuki, wamwoneshe yeye.

Nilimwambia Jerotich hivyo hivyo. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao hawa, mpaka aliponiona siendi popote. Ndipo akatafuta Kiswahili. Akasema ni mzaha, wanaigiza vitabu vya zamani. Nikasema mzaha unaochekesha upande mmoja naujua. Akasema, "Mama, yeye ndiye aliniambia nichore zaidi. Hakuna mwingine." Hapo nikaacha kubishana. Lakini sikulala na neno hilo vizuri, kwa sababu hata mtu anayetaka kitu chako huanza kwa kukusifu.

Basi Jumamosi iliyopita mchana nikasema, nataka kumwona huyo Anko kwa macho. Akaguna, akampigia kwa vidio. Mzee wa ndevu nyeupe, sweta imetoboka kiwikoni, nyuma yake maboksi mpaka darini. Mke nilimwona mkono tu, ulipita na kikombe ukanipungia. Mkono unaweza kuwa wa mtu yeyote.

Nikamsalimia kama watu wanavyosalimiana. Nikasema, mzee, shikamoo na pole na kazi, mimi ni mama yake Jerotich, nashukuru kukuona, watu wa nyumbani kwako hawajambo? Nasikia umemwalika mtoto wangu, na wa kike sina mwingine, nami nataka kujua unamwitia nini. Jerotich akageukia simu, akasema, "Hai."

"Hayo yote ni hai?" nikamuuliza.

Mzee naye akaanza. Akaongea, akapunga mikono, akashika kifua, akaonesha boksi moja, akarudi akaongea tena.

"Anasema nini?"

"Anasema sawa."

"Sawa gani ndefu hivyo?"

"Mami, rilaksi."

Nikasema vizuri, sasa muulize neno moja na usilikate. Wale watu wenye mikuki wanaitwa nani? Jerotich akaniangalia kama nimemwaga kitu. Nikamkazia macho. Akasema naye, sijui alisema nini. Na yule mzee akacheka, Kipkemboi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama chini, akasema maneno machache polepole. Jerotich akanigeukia, "Anasema ni swali zuri." Akaaga, akazima.

Mpaka leo sijui alichekea nini. Mtu anaweza kucheka kwa aibu, na anaweza kucheka kwa dharau, na kwenye kioo kidogo kama kile yote ni meno. Jerotich ukimuuliza anasema nimeshakwambia. Yuko mpole siku hizi, anaosha vyombo kabla sijamwambia. Hilo nalo linanitia wasiwasi.

Ndugu yangu, nakuomba upande treni. Jerotich anasema kila Jumamosi huyo Reji ana meza sokoni pale Preston, anauza vitabu vya zamani. Nenda kama mnunuzi tu. Usijitaje mara moja. Najua kudanganya hujui, ile ya Krismasi ilipita kwa sababu nilikuwa nageuza chapati, kwa hiyo usiseme mengi, shika kitabu ufunue. Tazama anavyoongea na watu, na kama huyo mke ana zaidi ya mkono. Ukishamaliza, fungua pale penye mikuki, umuulize lile swali langu kwa Kiingereza chako, lote kama lilivyo. Halafu mwambie wewe ni nani. Mwambie, "Mjomba wa Jerotich ni mimi." Mwangalie uso wakati huo, si kabla.

Jibu lake uliandike neno kwa neno, usinipunguzie kama huyu, ulitume kwa jina la Mama Nkatha, nyumba ni ile ile. Lakini barua inachelewa, kwa hiyo siku hiyo hiyo piga simu. Mimi usiniambie kitu, Jerotich atakuwa karibu. Ukiona ni mtu ambaye mtoto wetu anaweza kulala chini ya paa lake, sema unataka kumsalimu Jerotich, mbariki kwa safari kama mjomba anavyotakiwa, na mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo. Ukiona siye, sema unataka kuongea na Tobias. Nitaelewa, na maneno ya kumwambia binti yangu nitayatafuta mwenyewe.

Msalimie Abigail, mwambie akandwe kwa maji ya moto yenye chumvi. Wasalimie mapacha, wasalimie wale wa kanisa lenu walionitumia picha ya harusi. Ukiongea na mama yetu nyumbani usimwambie habari hizi, mwambie tu Rael anamkumbuka. Mungu akufunike katika njia, akupe kiti karibu na dirisha, akurudishe kwa watu wako ukiwa mzima.

Tafadhali usingoje mwisho wa mwezi. Jumamosi ya kwanza baada ya kupata karatasi hii, nenda, na unijulishe upesi. Sanduku lake liko wazi hapa sebuleni, na kila nikipita naona ametia nguo nyingine.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Rael, Mama Jerotich