Jina Ambalo Hatukuliitikia

Newala, Alhamisi, mwezi wa nane. Ukungu haujaondoka tangu alfajiri, na baridi inaingia hadi mifupani.

Daftari langu, leo naona aibu hata kukuandikia.

Mwanangu Salima ana baka begani. Nilimchoma pale kwa mwiba, hakushtuka. Ndipo nikajua ni ukoma. Kabla ya mavuno alikuja daktari Mzungu, anatafuta watu wa kujaribia dawa mpya. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi yake mbio mbio, na kuandika najua kidogo! Sikuuliza kama wote wanapewa dawa ileile. Sikuuliza mtu akikosa siku itakuwaje. Niliogopa nikiuliza sana nafasi itapewa mtoto wa mwingine.

Vidonge humezwa mbele ya dresa, yule msaidizi wa daktari, kila Alhamisi. Kisha ukafika unyago. Wenzake wote wanaingia, nimzuie wangu? Akawekwa ndani, Alhamisi mbili zikapita. Sikupeleka hata taarifa. Mambo ya mwali hayasemwi kwa mwanamume.

Leo tumekwenda barazani, pale penye picha ya Malkia. Mwali ametoka, sasa ni Salima. Jina la utoto limetupwa. Kumwita mtu kwa jina hilo ni kumtukana.

Dresa akaliita hilohilo. Wanawake wakainamisha vichwa. Akaita tena, Salima akanibana mkono. Mara ya tatu nikasema moyoni, ngoja watu wapungue, nitamweleza pembeni.



Nilipomwendea alikwisha kulipiga mstari jina hilo kitabuni.

"Shikamoo mama. Huyu wako Alhamisi ya tatu hii hajaja. Amefutwa."

"Marahaba. Si huyu hapa, baba."

"Huyu nani?"

"Salima."

"Salima hayumo kitabuni."

Nikamnong'oneza habari ya jina. Akanitazama sana. "Sasa mbona hamkuitika? Daktari kasema Alhamisi tatu, basi. Mimi sina ruhusa, mama yangu."

Jirani yangu Mama Hadija akacheka nyuma yangu: "Si wewe uliyetuambia dawa ya Mzungu haina mwiko?"

Iliyobaki ni kambi ya wagonjwa, kule chini bondeni. Mtoto huenda peke yake, na sijaona aliyerudi mapema.

Njiani Salima hakulia. Aliuliza tu: "Mama, ungeniitikia wewe, ningekufa?"

Nimekaa hapa nikaliandika jina lake la utoto, nilione tu. Halafu nikalipiga mstari, kama dresa.