Mtoto Aliye Karibu na Mkono

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri, na lile goti halikusumbui tena ukiinama kuanua dagaa. Baba je, kikohozi kimemwacha? Na yule mbuzi wako aliyekuwa karibu kuzaa, alijifungua salama? Sisi huku tu wazima wa mwili, mimi, mume wangu Ramazani na mjukuu wako Hadija. Wazima wa mwili, nasema. Mengine utayasoma mwenyewe.

Anayekuletea barua hii ni Mzee Saleh, rafiki wa mume wangu, anakuja Kigoma kufuata vitenge. Mpe chai na umsikilize, anapenda kusikilizwa. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, hapa Wamaza mtandao unapatikana juu ya kilima, na ukifika huko unakuta watu wamesimama wanasubiri zamu, masikio wazi. Ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema mbele yao. Ninaogopa, mama. Afadhali nianze na hilo, usije ukafika katikati ya barua ukashtuka.

Mwanzo haukuwa mbaya. Tulivuka ziwa mpaka Kalemie, tukapanda lori, tukashuka tukapanda pikipiki, tukaanguka matopeni, tukapanda tena, hatimaye tukaingia Kasongo. Mama mkwe alitupokea kwa vigelegele. Kwao ni kama Ujiji tu, adhana, kofia za mkono, wali wa nazi isipokuwa nazi yenyewe haipo, wanatia mawese. Nilipowaambia kuwa bibi yangu alikuwa Mmanyema, walinikalisha wakanihoji ukoo mpaka chai ikapoa. Hadija alibebwa na kila mtu akawalilia wote. Unamjua alivyo, hataki mgongo wa mtu isipokuwa wangu. Nikasema moyoni, kama ugeni wenyewe ndio huu, mbona mwepesi.

Halafu Ramazani akapata chumba cha duka huku Wamaza, wanakopita wachimba dhahabu. Anauza sabuni, chumvi, betri, tochi. Tukahamia. Nyumba yetu ni ya udongo, imara, na ua mpana. Ila watu wa huku, mama, walinitia mashaka tangu mwanzo. Wanawake wanapika mapema, jua bado kali, kisha wanazima moto. Kila nyumba ina furushi limefungwa, limewekwa nyuma ya mlango. Watoto hawaachwi wacheze mbali. Jirani yangu Mama Feza, ambaye ua wake na wangu ni mmoja, alikuwa akinisalimu kwa maneno mawili na kurudi kwenye shughuli zake. Nikadhani hanitaki. Nilipomwuliza Ramazani alisema, "Ni tabia yao, utazoea." Nami nikajikaza kisabuni, nikanyamaza.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Ramazani alikuwa amekwenda Kasongo kuchukua bidhaa. Mimi nilikuwa nimeanika mpunga uani juu ya turubai. Hadija alikuwa anacheza na Amisi, mtoto mdogo wa Mama Feza, wanamwagiana vumbi. Ndege wakashuka kwenye mpunga. Ukiwafukuza huku wanatua kule, na nyuma yao kuku, na nyuma ya kuku mbuzi wa watu. Nikafanya nini? Nikafanya kile ulichonifundisha tangu sijaota meno ya pili. Nikachukua sinia na mwiko nikagonga, kama tunavyogonga kwetu mwaloni kunguru wakishuka kwenye dagaa. Na nikagonga hasa, unajua mkono wangu.

Ndege wakaruka. Mbuzi akakimbilia nyuma ya nyumba, nami nikamfuata huku nagonga. Nikasikia sinia jingine linaitikia nyumba ya pili, halafu sufuria, halafu filimbi, na miguu ya watu wanakimbia. Nikajua kuna jambo baya limetokea, na kwa woga nikazidi kugonga. Mwanao ni mjinga, mama. Kadiri walivyokimbia ndivyo nilivyogonga.

Nilipozunguka kurudi mbele, ua ulikuwa mtupu. Mama Feza hayupo, Amisi hayupo, Hadija hayupo. Ndala yake moja ilikuwa juu ya turubai na kuku wanakula mpunga kwa raha zao. Niliita, sikuitikiwa. Niliingia nyumba ya jirani, sufuria ya maharage inachemka, hakuna mtu. Nyumba ya pili hakuna mtu. Mtaa mzima, mama, mahali pa watu wengi vile, umebaki moshi. Nilikimbia barabarani, sinia bado liko mkononi, naita jina la mwanangu mpaka sauti ikakauka.

Niliyemkuta ni mzee mmoja mlemavu wa miguu, amekaa mlangoni kwake anasokota tumbaku.

"Weye," akaniambia, "mie siwezi kukimbia. Weye mbona uko hapa?"

Nikamwambia mtoto wangu amepotea.

"Umeona watu wa bunduki?"

"Sijaona."

"Sasa ile sinia ulipigia nini?"

Nikamwambia ndege. Ndege walikuwa wanakula mpunga. Akaacha kusokota tumbaku.

"Ndege," akasema. "Watu wote wako mu pori juu ya ndege." Juu ya, kwao, maana yake ni kwa sababu ya. Akacheka mpaka akakohoa, nami nalia mbele yake. Kisha akaniambia nikae chini, nisiende msituni kupotea na mimi. "Mutoto wako iko na mutu. Hapa hakuna mutoto anaachwa."

Ndipo akanieleza kwamba huku sinia likigongwa maana yake ni moja tu, wenye silaha wanakuja, kimbieni. Kila mtu anayesikia anagonga lake ili walio mbele wasikie, kisha anakimbia. Ramazani alijua. Mama mkwe alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naishi kama niko kwetu.

Nilikaa pale chini. Nilimfikiria Hadija gizani chini ya miti, analia kwenye mgongo asioujua, na watu wanamziba mdomo kwa kuogopa bunduki ambazo hazipo. Nilifikiri labda ameachwa kwa sababu ya kelele. Nilifikiri mambo ambayo siwezi kuyaandika. Nilikuita wewe, kwa sauti, kama mtoto.

Walirudi jua limeanza kushuka. Kwanza wanaume, wanachungulia. Kisha wanawake. Mama Feza alikuja na Hadija mgongoni amelala, uso umejaa vumbi na machozi yaliyokauka. Amisi alikuja nyuma yake kwenye mgongo wa mwanamke wa nyumba ya mbali. Nilimnyakua mwanangu nikaanguka naye chini. Halafu nikawaona watu wote wamenizunguka. Mwanamke mmoja alikuwa anavuja damu kwenye kisigino, mwingine maharage yake yameungua yote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shefu, yaani mkuu wa mtaa, akauliza nani alianza kugonga. Nikanyosha mkono. Nilidhani tutafukuzwa siku ile ile. Akanitazama, akatazama mpunga, akasema, "Ni mugeni. Hakuna mutu alimufundisha. Kosa ni yetu siye wote." Kisha akaniambia, "Hapa sinia ni ya chakula. Ikipigwa, ni kukimbia." Basi. Wale wenye kununa wakaenda kununa majumbani mwao.

Mama Feza alibaki. Nilimshukuru, nikamwuliza ilikuwaje akamwacha Amisi, mtoto wake wa kumzaa, akambeba wangu.

"Amisi alitoroka, alikuwa amefika kule kwa Mama Zuhura," akasema. "Wako njo alikuwa karibu na mukono." Njo yao ni ndiye yetu.

"Na kama Mama Zuhura asingembeba?"

Akanitazama kama ninauliza kama jua litachomoza. "Sikia, Mama Hadija. Ukianza kutafuta wako, utapita watoto wa wenzako njiani. Na mwenzako naye atapita wako. Hapo wote watabaki. Unakamata ule iko karibu, unakimbia. Wako, mwingine atamukamata."

Nikamwambia mimi siwezi. Akasema, "Hata mie nilisema vile."

Ramazani aliporudi nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Sikupiga kelele, mama, nilikuwa sina sauti. Akasema, "Ningekuambia, ungekubali kuja?" Mpaka leo sijamjibu. Ni mume mwema, anatuhangaikia, lakini hilo limekaa kati yetu na tunalala nalo. Usingizi wangu wenyewe ni wa mang'amung'amu. Kifuniko kikianguka jikoni ninakuwa nimeshasimama. Na mimi sasa nina furushi nyuma ya mlango.

Sasa nakuambia hasa lililonifanya niandike.

Wiki iliyopita mchana masinia yalilia tena, upande wa juu, kunakotokea njia ya machimbo. Safari hii si mimi. Nilikuwa uani kwa Mama Feza, nimemwangalizia Amisi aliyekuwa na homa, amelala mkekani. Mama Feza alikuwa amekwenda mtoni, na Ramazani alikuwa Kasongo tena kufuata bidhaa. Hadija alikuwa amefuatana na Feza, binti mkubwa wa mle ndani, kuchuma matembele mwisho wa mtaa, huko huko juu. Mama, nilisimama na miguu yangu ikageuka upande wa Hadija. Nilipiga hatua. Wallahi nilipiga. Amisi akafungua macho akaninyoshea mikono, hana nguvu hata ya kulia. Hapakuwa na mtu mwingine uani. Nikarudi, nikamfunga mgongoni kwa kitenge, nikakimbia upande wa pili.

Kila hatua nilikuwa naondoka kwa mwanangu. Nilijua hivyo, na miguu ilikuwa inakwenda.

Msituni nilikaa na mtoto wa mwenzangu kifuani, mwili wake unawaka. Tukasikia risasi mbili, mbali. Nilimtazama kila aliyefika, mgongo kwa mgongo, na Hadija hayupo. Feza alifika peke yake analia, kwamba walitenganishwa na watu. Mama Feza akafika, akamwona Amisi kwangu, akataka kusema kitu, kisha akauliza, "Hadija?" Alinishika mkono akakaa nami. Na ndani ya moyo wangu, mama, nilimchukia. Yeye na mtoto wake na desturi yao. Nakuambia kwa sababu wewe ndiye uliyenizaa.

Jioni likatokea kundi la wachimbaji wamezunguka kwa njia ya mbali. Mmoja, kijana mwenye msalaba shingoni, si mtu wa hapa, inaonekana ametokea upande wa Bukavu, alikuwa amembeba Hadija mabegani anamtafunisha muwa. Hadija, ambaye hataki mgongo wa bibi yake. Kijana akauliza, "Huyu ni wa nani?" na wanawake wote wakaninyoshea kidole. Akanipa, akasema alimkuta ametumbukia kwenye matembele, akageuka zake. Sikumwuliza hata jina. Wale wa bunduki walichukua vitu madukani, la kwetu likiwemo, wakaenda. Watu hawakuuawa.

Tangu siku ile Mama Feza ananiita dada. Wale walioninunia wananiletea mboga. Wanasema nimekuwa mtu wa Wamaza. Ramazani anafurahi, anadhani hofu imeniisha. Mimi nikimwogesha Hadija namkumbatia na maji yake mpaka analalamika, kwa sababu nimejua ninaloweza kufanya.

Nisalimie baba, ila ukimsomea barua hii ruka hapa katikati, umwambie tu hali ya hewa ni nzuri. Msalimie kaka yangu fundi baiskeli na mkewe, na shangazi aliyenicheza harusini, na yule jirani yetu mkunga aliyempokea Hadija. Mama mkwe na Ramazani wanawasalimu. Hadija anakusalimu kwa mate, amelamba pembe ya karatasi hii.

Mzee Saleh akirudi mpe majibu. Usiniandikie nirudi, wala usiniandikie nibaki, hilo nitagombana nalo mwenyewe. Niandikie jambo moja tu, na uniambie kweli hata kama itaniuma. Ingekuwa ni wewe siku ile pale uani, mimi nikiwa mdogo niko huko juu, na mtoto wa mwenzio amekunyoshea mikono, wewe mama ungembeba nani?

Ni mimi mwanao,
Mwamini