Daktari Amesema

Jumatatu, 5 Mei

Clare amerudi kutoka chuoni na macho mekundu. Yuko mwaka wa tatu wa udaktari na mhadhiri wao wa wodi bado hajui jina lake. Leo amemwita "wewe wa sketi ndefu", akamuuliza swali mbele ya mgonjwa, akacheka kabla hajajibiwa. Kisha akawaonya wote: mwanafunzi atakayempa mtu dawa huko mtaani amejifukuza mwenyewe.

Hapa kwenye ploti wapangaji wote wanamwita dada yangu Daktari tangu wiki aliyoingia chuo. Mama ndiye alianza. Kanisani, kwa maikrofoni.

Alhamisi, 8 Mei

Mama Luseno wa mlango wa pili alimleta mwanawe Luseno, anakohoa. Clare akamwambia ampeleke hospitali, yeye hajaruhusiwa kutibu.

— Haya, Daktari. Sisi si wa level yako.

Jioni kwenye mfereji, tukichota maji, hakuna aliyenisalimu. Mtungi wetu umesukumwa hadi mwisho wa laini. Eti daktari wetu anatibu vitabu — na mimi nimesimama papo hapo. Wakacheka. Huwa sisemi kitu. Nawachukia.

Mama naye amemkasirikia Clare. Eti unaniaibisha. Hata siropu tu?

Ijumaa, 9 Mei

Nimetoka shule nikamkuta Mama mlangoni kwa Mama Luseno, mkononi ile siropu iliyobaki nilipougua kifua.

— Daktari amesema mpe kijiko asubuhi na jioni.

Clare alikuwa wodini! Hajui lolote.

Mama Luseno amenisalimu, tena kwa jina. Kwenye mfereji nimepishwa.

Jumapili, 11 Mei

Luseno amefura uso. Macho hayafunguki, midomo imejaa. Wamemkimbiza hospitali, amelazwa.

Mama hakwenda kanisani. Amesema kichwa.

Jumatatu, 12 Mei

Mtoto ana nafuu, asante Mungu. Lakini mtu ametemea mlango wetu mate. Nimepangusa kabla Clare hajarudi.

Baba Luseno amesema kwa sauti pale ngazini kwamba kesho kutwa anapeleka chupa chuoni. Clare akauliza, chupa gani? Mama akaendelea kukata mboga za sukuma.

Jumanne, 13 Mei

Wazazi wa Luseno wamekuja wote wawili. Baba Luseno hakutaka kuketi. Ameweka chupa juu ya meza.

Clare: Mimi sikutoa dawa.

Mama Luseno: Mama yako alisema ni wewe. Daktari amesema, ndivyo alivyoniambia.

Na Mama, bila kumtazama Clare: Nilisema nilivyoambiwa.

Nilivyoambiwa! Clare akageuka kumtazama Mama. Miaka mitatu ya kutukanwa chuoni, na hakuwahi kuwa na uso kama ule.

Baba Luseno akauliza nani mwingine alikuwepo. Mkewe akaninyooshea kidole.

— Huyu Whitney alikuwa anatoka shule.

— Huyu wa vitabu hawezi kudanganya, Baba Luseno akasema. Akisema ni mama yake aliyeitoa mwenyewe, chuoni siendi.

Nikasema naenda choo. Hiki cha mwisho wa korido. Nimefunga komeo, daftari lilikuwa ndani ya sweta, naandikia humu. Baba Luseno namsikia, anasema atangoja hata akikosa shifti.

Mama amefika mlangoni. Anabisha polepole, kwa kucha.

— Whitney, mama. Mama yangu. Unaumwa?

Ananiita hivyo nikiwa mgonjwa tu.

Clare hajaja kubisha.